Mistari Imejaa, Picha Imeganda: Uchambuzi wa Kisa cha Televisheni Mbili Katika Nyumba Moja

Kisa hiki kinahusu nyumba yenye televisheni mbili, ruta mbili (visanduku vya kusambaza intaneti) na waya mmoja uliotelekezwa ukutani kwa madai kwamba ulikuwa mbovu. Nimeona nikiandike kwa kirefu kwa sababu kila kitu kilichopimwa kabla sijafika kilitoa jibu la kuridhisha. Kifurushi cha intaneti kilipimwa kikaonekana kizima, mawimbi ya Wi-Fi yalitazamwa yakaonekana yamejaa, waya ulipimwa na taa zake zote nane zikawaka kwa mpangilio, na bado kila jioni televisheni ya chumbani iliganda. Sisi mafundi tukikutana na hali ya namna hii, mara nyingi tunaimaliza kwa kumwambia mteja aongeze kifurushi. Nasema wazi kwamba ushauri huo, hata unapotolewa kwa nia njema, humtoza mtu fedha kwa tatizo ambalo fedha hizo haziligusi.

Hali niliyoikuta

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, nami nitamwita Mwalimu kama nilivyomwita siku zote za kazi ile. Sebuleni ana televisheni kubwa yenye uwezo wa kuonyesha picha kali sana za 4K, iliyo umbali wa mita tatu hivi kutoka kwenye ruta aliyofungiwa na kampuni inayompa intaneti. Chumbani kwake, upande wa pili wa nyumba, baada ya kuta mbili za zege na korido, iko televisheni ndogo ya inchi 32, na hiyo ndiyo anayoitazama zaidi, kwa kuwa miguu inamsumbua na jioni hapendi kukaa sana kwenye kiti. Ile ya sebuleni haikuwa na shida. Shida za ile ya chumbani alinieleza kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kupanga somo.

"Fundi, la kwanza ni kwamba ikishafika saa moja jioni picha inaanza kufifia, inakuwa kama ina ukungu, kisha inasimama na lile duara linazunguka mpaka ninakata tamaa. La pili, wajukuu wakitaka kunionyesha picha zao kutoka kwenye simu, televisheni ya sebuleni inaonekana kwenye simu, ya chumbani haionekani kabisa. Na tafadhali mwanangu, usiniambie niongeze kifurushi, maana nimekwisha kuongeza."

Alikuwa ametoka kwenye kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde akahamia cha megabiti 50, na jioni ya kwanza baada ya kuhama picha iliganda saa ile ile.

Maelezo yake ya kwanza yalikuwa na faida kubwa kuliko alivyodhani, hasa pale aliposema kwamba picha hufifia kwanza kabla ya kusimama. Huduma za video za siku hizi hazitumi filamu nzima kama mto mmoja unaotiririka. Video hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande huandaliwa katika viwango kadhaa vya ubora, kisha programu iliyo ndani ya televisheni huchagua kiwango cha kuomba kulingana na kasi iliyoipata katika vipande vilivyotangulia. Kasi ikipungua, programu hushuka ngazi kwa ngazi, na hapo ndipo picha inapokuwa na ukungu. Ikiwa hata kipande cha ubora wa chini kabisa kinachelewa, akiba iliyokwisha kupakuliwa huisha na duara huanza kuzunguka. Televisheni iliyochoka yenyewe, ambayo kumbukumbu yake imejaa au programu yake imezeeka, haifanyi hivyo: hiyo huchelewa kuitikia rimoti, au hufunga programu ghafla na kurudi kwenye ukurasa wa mwanzo. Kwa hiyo kabla sijafungua begi la vifaa nilikuwa tayari ninaamini kwamba televisheni ni nzima na kwamba data inakwama mahali fulani njiani.

Swali likawa ni wapi. Netflix hupendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, megabiti 5 kwa picha kali zaidi ya 1080p na megabiti 15 kwa picha ya 4K iliyo kali kuliko zote mbili. Televisheni ya inchi 32 ya Mwalimu inaishia kwenye 1080p, maana yake ni kwamba hata kifurushi chake cha zamani kilikuwa na kasi mara nne ya ile iliyohitajika chumbani. (Hapa tusichanganye megabiti na megabaiti, kwa sababu megabaiti moja ni megabiti nane, na kifurushi cha megabiti 50 kinapakua takribani megabaiti 6 tu kwa sekunde. Nimeona watu wakigombana na kampuni zao bure kwa ajili ya tofauti hii.)

Nilipima saa nne asubuhi, nikasimama na simu karibu na ruta ya sebuleni, nikapata megabiti 47 kwa sekunde. Nikaenda chumbani, nikaiunganisha simu ile ile kwenye mtandao ule ule unaotumiwa na televisheni ya chumbani, nikapata 6. Nilimwomba Mwalimu ruhusa ya kurudi jioni, kwa sababu tatizo la jioni hupimwa jioni, na saa mbili usiku nikarudia vipimo vyote viwili bila kupitisha dakika tano kati yake: sebuleni 46, chumbani 2. Vipimo hivyo viwili vya wakati mmoja katika sehemu mbili ndivyo vilivyoondoa shaka yote juu ya kampuni. Megabiti 46 zilikuwa zinafika nyumbani wakati ule ule ambapo chumbani zilikuwa zinafika 2, na kwa hiyo zilizobaki zilikuwa zinapotea ndani ya nyumba yenyewe. Mwalimu angeweza kununua megabiti 200 na bado chumbani zingefika 2.

Mistari iliyojaa

Lililomchanganya kila aliyetangulia ni kwamba ukurasa wa mipangilio ya televisheni ya chumbani ulionyesha mistari yote ya mawimbi imejaa. Haukudanganya. Katika korido, mita mbili hivi kutoka mlango wa chumba, juu ya kabati, palikuwa na ruta ya pili iliyoletwa na fundi wa awali ili "kuvuta mtandao". Simu yangu ikiwa kando ya televisheni ilisoma nguvu ya mawimbi ya ruta hiyo kuwa hasi 45. Kipimo hiki husomwa kwa desibeli zenye alama ya kutoa, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kila desibeli 3 zinazoongezeka upande wa hasi hupunguza nguvu kwa nusu, na mafundi wengi huchukulia hasi 67 kama mpaka wa kutazama video bila wasiwasi. Hasi 45 ni mawimbi mazuri mno.

Lakini ruta hiyo ya pili haikuwa na waya wowote isipokuwa wa umeme. Intaneti yake iliipokea kwa hewa kutoka ruta ya sebuleni. Nikaiweka simu juu ya kabati, pale pale ruta ya pili ilipokaa, nikasoma mawimbi ya ruta ya sebuleni: hasi 79. Basi njia ya data ilikuwa na hatua mbili, ya kwanza dhaifu sana na ya pili imara, na televisheni iliweza kuona ile ya pili tu. Ni sawa na mtu aliyeketi karibu na mkalimani na kumsikia vizuri neno kwa neno, huku mkalimani mwenyewe akimsikia msemaji kwa shida kutoka ukumbi mwingine. Ukimuuliza mtu huyo kama anasikia vizuri, atajibu kwamba anasikia vizuri, na atakuwa amesema kweli.

Palikuwa na mambo mengine mawili yaliyoifanya hatua hiyo ya kwanza kuwa mbaya zaidi. Ruta ya pili ilitumia redio moja, ya gigahezi 2.4, kupokea kutoka sebuleni na kusambaza kwenda chumbani. Katika Wi-Fi, vifaa vilivyo kwenye chaneli moja (sehemu moja ya masafa) hupokezana kusema, na kimoja kikisema vingine hunyamaza, kwa hiyo kila pakiti, yaani kifungu kidogo cha data, iliyokwenda chumbani ilibidi irushwe hewani mara mbili katika chaneli ile ile, jambo ambalo peke yake huondoa karibu nusu ya kasi. La pili ni majirani. Masafa ya gigahezi 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na usiku ule nilihesabu mitandao kumi na minne iliyosikika katika korido, saba kati yake ikiwa kwenye chaneli ya 6 pamoja na ruta zote mbili za Mwalimu. Mchana watu wako kazini na mitandao yao imetulia. Jioni wote wanarudi, kila mmoja anawasha televisheni yake, na hatua iliyokuwa ikijikongoja mchana kwa megabiti 6 inaishiwa nguvu. Hiyo ndiyo sababu ya saa moja jioni, na ndiyo sababu kuongeza kifurushi hakukubadilisha hata dakika ya kuanza kwa tatizo.

Lile la pili, la simu kutoiona televisheni ya chumbani, lilitoka kwenye kisanduku hicho hicho ila kwa sababu nyingine kabisa. Nilifungua mipangilio ya mtandao ya televisheni nikakuta anwani yake, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, ni 192.168.0.102, na simu ya mjukuu aliyekuwapo ilikuwa na 192.168.1.14. Namba ile ya tatu baina ya nukta, 0 upande mmoja na 1 upande wa pili, inaeleza kisa chote. Ruta ya pili ilikuwa inafanya kazi kama ruta kamili: inagawa anwani zake, inavificha vifaa vilivyo nyuma yake, na kwa ruta ya sebuleni vyote hivyo vinaonekana kama kifaa kimoja. Simu inapotafuta televisheni ya kurushia picha, hutoa mwito wa jumla kwenye mtandao wake wa karibu, kwa mfano kwa anwani ya 239.255.255.250 au 224.0.0.251, na kila televisheni inayousikia hujitaja. Mwito huo kwa kawaida hauvuki ruta. Simu ilikuwa inaita katika nyumba moja na televisheni ilikuwa katika nyumba nyingine, ingawa kwa macho ya Mwalimu vyote vilikuwa chini ya paa moja na vyote viliitwa "Wi-Fi ya nyumbani".

Nilimwonyesha kwa vitendo. Nilimwomba mjukuu ahamishe simu yake kwenye mtandao wa ruta ya pili, na mara televisheni ya chumbani ikatokea kwenye orodha huku ya sebuleni ikitoweka. Mwalimu aliangalia orodha ile kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ni madarasa mawili yenye mlango uliofungwa." Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo.

Majaribio ya kwanza

Njia fupi kuliko zote ilikuwa kuiondoa televisheni kwenye ruta ya pili na kuiunganisha moja kwa moja na ya sebuleni kwa masafa ya gigahezi 5, ambayo hayana msongamano kama ule wa gigahezi 2.4. Televisheni haikuuona mtandao huo kabisa, ingawa simu yangu iliuona. Nilipoingia kwenye mipangilio ya ruta nilikuta imejichagulia yenyewe chaneli ya 100. Chaneli za kuanzia 52 hadi 144 zinatumiwa pia na rada, na kifaa kinachosambaza mawimbi humo hulazimika kusikiliza kwanza na kuhama rada ikisikika. Baadhi ya televisheni hazikutengenezwa kuzitumia chaneli hizo, basi huziruka kana kwamba hazipo. Niliiweka ruta kwenye chaneli ya 36 na televisheni ikauona mtandao papo hapo. Hili ni jambo dogo ambalo limewafanya watu wengi waamini kwamba televisheni zao hazina uwezo wa gigahezi 5, na dawa yake ni dakika mbili za kubadilisha chaneli.

Hata hivyo, kuonekana kwa mtandao hakukutosha. Mawimbi ya gigahezi 5 hupungua nguvu zaidi yanapopita ukutani kuliko yale ya 2.4, na baada ya kuta mbili za zege yalifika chumbani yakiwa hasi 82. Picha ilikaa vizuri kwa dakika kadhaa kisha ikashuka. Nilijaribu pia gigahezi 2.4 ya ruta ya sebuleni bila kupitia ruta ya pili, nikapata megabiti 4 usiku ule. Msomaji aone jambo hili: televisheni iliyounganishwa moja kwa moja na ruta iliyo mbali, ikionyesha mistari miwili tu, ilipata kasi mara mbili ya ile iliyopata kupitia kisanduku cha msaada kilichoonyesha mistari imejaa.

Kuisogeza ruta ya pili hadi katikati ya njia, ambako ingesikia sebuleni vizuri zaidi, ndilo shauri sahihi kwa nyumba nyingi, na ningelifuata kama korido ingekuwa na soketi nyingine ya umeme. Haikuwa nayo, na kwa vyovyote tatizo la redio moja kufanya kazi mbili lingebaki.

Waya uliosemwa umekufa

Nilipokuwa nimepiga magoti nyuma ya televisheni kutafuta tundu la mtandao, niliona waya mweupe unaotokea kwenye bomba dogo la ukutani, ncha yake imekunjwa na kufungwa kwa utepe mweusi wa umeme. Nilimuuliza Mwalimu.

"Huo fundi wa kwanza aliupitisha toka sebuleni, akahangaika nao siku nzima, mwisho akasema umekufa ukutani. Ndipo akaleta hicho kisanduku."

Waya wa mtandao uliopitishwa ndani ya bomba, usiogongwa msumari wala kuguswa na panya, haufi wenyewe. Nikafungua utepe nikakuta plagi imekwisha kubanwa. Upande wa sebuleni, nyuma ya kabati la ruta, ilikuwapo nyingine. Nikatoa kipimo cha taa, kile kidogo cha vipande viwili, nikakiweka ncha zote mbili: moja, mbili, tatu, hadi nane, taa zikawaka kwa mpangilio pande zote. Kwa kipimo hicho waya ulikuwa mzima kabisa. Kisha nikauunganisha ruta ya sebuleni upande mmoja na kompyuta yangu upande wa pili. Taa ya mtandao ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Nikatuma pakiti 100 kutoka kompyuta kwenda kwenye ruta, na 37 hazikurudi.

Plagi hizi hutengenezwa kwa plastiki inayopitisha mwanga, na nilipoielekeza kwenye taa ya simu niliona rangi zikiwa zimepangwa hivi, kutoka kushoto: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, kijani, nyeupe yenye buluu, buluu, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Kila rangi kando ya mwenzake, kwa unadhifu mkubwa. Aliyezipanga alifanya kazi kwa uangalifu, na pande zote mbili alizipanga sawasawa. Kosa lilikuwa katika unadhifu wenyewe.

Ndani ya waya huo mna nyaya nane nyembamba zilizosokotwa mbili mbili, na kusokotwa huko si kwa ajili ya kuokoa nafasi. Ishara hutumwa kwenye nyaya zote mbili za jozi moja kwa namna inayopingana, na kwa kuwa zimesokotwa pamoja, kelele ya umeme inayotoka nje huzipata kwa usawa na hufutika mwisho wa safari. Muunganisho wa megabiti 100 hutumia pini (vigusio vya plagi, vinavyohesabiwa kutoka kushoto) ya 1 na ya 2 kwa upande mmoja wa mazungumzo, na pini ya 3 na ya 6 kwa upande wa pili. Kwa hiyo pini ya 3 na ya 6 ni lazima zipewe nyaya za jozi moja, ingawa hazikukaa jirani kwenye plagi. Katika mpangilio nilioukuta, pini ya 3 ilikuwa na nyeupe yenye kijani na pini ya 6 ilikuwa na buluu, nyaya za jozi mbili tofauti ambazo hazikusokotwa pamoja. Ishara iligawanywa baina ya jozi mbili, kinga ya msokoto ikatoweka, na kila jozi ikawa inaivuruga nyingine kwa mita 18 zote. Kipimo cha taa hakiwezi kuliona kosa hilo, kwa maana kinachouliza ni kama umeme unatoka ncha hii hadi ncha ile kwa namba ile ile, na jibu lake lilikuwa ndiyo, mara nane.

Kwenye ganda la waya palikuwa pameandikwa Cat 5e, yaani daraja la waya, nao huo unatosha kwa gigabiti moja (megabiti 1,000) kwa sekunde hadi mita 100. Nilikata plagi zote mbili. Nilichuna ganda kiasi cha urefu wa kidole gumba, nikafungua misokoto kwa kiasi kidogo kinachohitajika, kisichozidi milimita 13 kwenye plagi iliyokamilika, nikazinyoosha nyaya kwa vidole na kuzipanga upya: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Kijani inavuka buluu na kwenda nafasi ya sita. Nikazikata ncha ziwe sawa, nikazisukuma mpaka niuone mng'ao wa shaba mwisho kabisa wa plagi, nikahakikisha ganda limeingia chini ya ulimi wa plastiki ili waya ukivutwa zisivutike nyaya zenyewe, ndipo nikabana kwa koleo. Kompyuta ilipounganishwa tena ilisoma gigabiti moja, na kati ya pakiti 1,000 hakuna hata moja iliyopotea.

Kazi ile ilichukua dakika kumi na tano. Kwa kukosekana kwake, nyumba ilikuwa imenunua ruta ya pili, imepandisha kifurushi, na imeishi na mitandao miwili isiyoonana.

Kuifanya nyumba iwe na mtandao mmoja

Sikuitupa ruta ya pili, kwa sababu simu za upande ule wa nyumba zilihitaji mawimbi. Niliigeuza iwe kituo cha kusambazia mawimbi tu. Utaratibu wa kazi hii una umuhimu wake, na kuuvuruga huleta matatizo mapya. Kwanza, kabla ya kuigusisha na waya wa sebuleni, niliizima kazi yake ya kugawa anwani, kwa sababu mashine mbili zikigawa anwani katika mtandao mmoja, kifaa huchukua jibu linalowahi kufika, na leo televisheni itafanya kazi na kesho itagoma. Kisha niliipa ruta yenyewe anwani ya 192.168.1.2 ili isigongane na ya sebuleni yenye 192.168.1.1. Mwisho niliingiza waya kwenye tundu lake mojawapo la LAN (la vifaa vya ndani ya nyumba), nikaliacha wazi lile la WAN (la kupokelea intaneti kutoka nje), kwa kuwa tundu la WAN ndilo lingeirudisha kwenye tabia ya kujitenga. Kwenye gigahezi 2.4 nikaiweka ya sebuleni chaneli ya 1 na ya pili chaneli ya 11, na zote mbili nikazipa jina moja na nenosiri moja.

Televisheni ya chumbani niliiunganisha kwa waya mfupi kutoka kwenye tundu jingine la ruta ya pili. Skrini ikaandika kwamba imeunganishwa lakini haina intaneti. Kwa dakika chache nilifikiri kwamba waya umerudia tabia yake, kisha nikafungua mipangilio na kukuta anwani ile ya zamani, 192.168.0.102, imeandikwa kwa mkono na wala haikuachwa ijipatie yenyewe. Fundi wa awali alikuwa ameikaza ili televisheni "isipotee". Nilirudisha mpangilio wa kujipatia anwani na televisheni ikapewa 192.168.1.23. Mtu akibadilisha ruta kisha televisheni moja tu ikakataa, hapo ndipo mahali pa kutazama kwanza.

Tundu la mtandao la televisheni hiyo lina uwezo wa megabiti 100 tu, kama ilivyo kwa televisheni nyingi, zikiwamo za 4K. Nalitaja kwa sababu wenye vifurushi vya kasi kubwa wakipima hukuta Wi-Fi ya gigahezi 5 karibu na ruta ikiipita kasi ya waya, nao huchomoa waya kwa kudhani wamepata nafuu. Video ya 4K inahitaji megabiti 15 zisizoyumba. Waya wa megabiti 100 unazitoa saa zote, majirani wawepo wasiwepo, na kwangu televisheni isiyohama ukutani inastahili waya kila mahali ambapo waya unaweza kupita.

Saa mbili usiku siku ya pili nilipima tena: sebuleni 47, chumbani 46. Tuliwasha filamu ya 4K sebuleni na kipindi cha 1080p chumbani kwa wakati mmoja kwa muda wa saa nzima, na hakuna iliyofifia. Simu ya mjukuu ikiwa sebuleni iliziona televisheni zote mbili kwenye orodha moja, na picha za mahafali yake zikaonekana chumbani kwa bibi yake.

Mwalimu aliniuliza kama sasa anaweza kurudi kwenye kifurushi cha zamani. Tulifanya hesabu pamoja kwenye karatasi: 15 za sebuleni, 5 za chumbani, na nafasi kwa simu tatu au nne zinazotumika wakati huo huo. Ishirini zingekuwa kikomo bila nafasi ya kupumua, hivyo akaomba kifurushi cha megabiti 30, na mwezi uliofuata alinipigia simu kuniambia kwamba hajaliona tena lile duara. Karatasi ile, yenye anwani za vifaa, chaneli za ruta na mpangilio wa rangi za plagi, tuliibandika ndani ya mlango wa kabati la ruta kwa ajili ya fundi atakayefuata.

Zile plagi mbili nilizozikata aliniruhusu nizichukue. Nimezihifadhi kwenye begi la vifaa, na kila ninapopata mwanagenzi mpya humpa moja pamoja na kipimo cha taa na kipande kifupi cha waya kilichobaki nayo, nikamwambia aielekeze kwenye mwanga na anitajie rangi moja moja, kuanzia kushoto.